'Instead': Neno Lililoficha Mahali Ndani Yake

Nilikuwa kidato cha pili baba alipofariki. Muhula uliofuata shule ikaita kikao cha wazazi, na baba mdogo akaniambia nimwandikie mwalimu wa darasa barua kwa Kiingereza, kumjulisha kuwa yeye ndiye atakayekuja. Nikaandika, tena kwa fahari, kwamba atahudhuria 'instead of my father'. Nilipompelekea aitie sahihi, akaweka kidole kwenye maneno hayo.

"Hapa umesemaje?"

"Nimesema utakuja badala ya baba, ba'mdogo."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hapana, mwanangu. Mimi si badala ya kaka. Mtu hana badala. Andika nakuja mahali pake."

Sasa hicho Kiingereza cha "mahali pake" ningekitoa wapi? Nilijaribu kichwani nikashindwa, na barua ikaenda vilevile. Ilinichukua miaka mingi, mpaka siku moja nilipokuwa nikipekua kamusi ya asili za maneno ya Kiingereza kwa shida nyingine kabisa, ndipo nikagundua kwamba barua ile ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Neno 'instead' maana yake ni ileile aliyoitaka ba'mdogo. Ni "mahali pake", ila limevaa nguo moja iliyoshonwa pamoja hadi mshono hauonekani.

Hebu tuufumue huo mshono. Toa 'in', inabaki 'stead'. Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, neno hilo lilikuwa 'stede' na maana yake ilikuwa mahali, basi. Mahali popote: pa kukaa, pa kupigania, pa kujenga. Ndugu zake wapo hadi leo katika lugha za jirani. Wajerumani wanaita mji 'Stadt', Waholanzi 'stad'. Kijerumani kina pia 'anstatt', chenye maana ya "badala ya", na Wadenmaki wana 'i stedet for'. Wote hao, wakitaka kusema kitu kimoja kimeshika nafasi ya kingine, wanataja mahali.

Ukichimba zaidi unafika kwenye mzizi wa kale sana wenye maana ya kusimama. Ndio uliozaa 'stand' ya Kiingereza na 'stare' ya Kilatini, yaani kusimama. Mahali, kwa fikra ya watu hao wa zamani, palikuwa pale mtu aliposimama. Na usidhani habari hizi ziko mbali nasi. Kila unapokwenda stendi kupanda basi, au stesheni kungoja treni, umekwenda kwenye mzizi huohuo. Hata 'substitute', neno jingine la Kiingereza la kubadilishana nafasi, limetokana nao kupitia Kilatini: ni aliyesimamishwa chini ya mwingine, au nyuma yake.

Kuanzia karne ya 13 tunawaona Waingereza wakiandika 'in stede of'. Wataalamu wengi wanaona hapo mkono wa Kilatini na Kifaransa. Makasisi na makarani wa enzi hizo walizoea 'in loco' ya Kilatini na 'au lieu de' ya Kifaransa, zote zikiwa na maana ya "mahali pa", wakatafuta neno la kwao la kuzifasiri. Kwa karne kadhaa maneno yale mawili yalikaa mbalimbali kwenye karatasi, na msomaji aliweza kuliona lile neno mahali likiwa limekaa peke yake katikati ya sentensi. Kuunganishwa kuwa neno moja kulianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 16, na hakukuwa jambo la kawaida mpaka katikati ya karne iliyofuata.

Wakati huohuo 'stead' lenyewe lilikuwa linafukuzwa kwake. Baada ya Wanormani, Kifaransa kiliingiza neno 'place', ambalo nalo mababu zake wa Kilatini na Kigiriki walimaanisha njia pana au uwanja. Polepole 'place' likachukua kazi zote za kila siku. 'Stead' likabaki na vibarua vichache: katika 'homestead', yaani boma la nyumba na uwanja wake, katika 'steadfast', mtu asiyeyumba pale aliposimama, na katika majina ya miji na vitongoji, kama Hampstead ya London, alikoishi mshairi John Keats. Likabaki pia ndani ya 'instead'. Kwa maneno mengine, neno linaloeleza kushikiwa nafasi lilishikiwa nafasi lenyewe. Waingereza wengi leo wanalitamka mara kadhaa kwa siku bila kujua kuwa wametaja mahali.

Ukitaka kuliona likiwa bado hai, nenda kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile iliyoamriwa na Mfalme James. Kuna sehemu mbili zinazofaa kuwekwa pamoja. Ya kwanza ni kisa cha Ibrahimu mlimani, kisu mkononi, anapomwona kondoo dume amenaswa pembe kichakani, akamtoa sadaka na mwanawe akapona. Ya pili si kisa kimoja, ni mtindo unaorudiwarudiwa katika vitabu vya wafalme: mfalme anafariki, anazikwa, mwanawe anatawala. Watafsiri wa 1611 walitumia neno letu sehemu zote mbili. Kondoo alitolewa katika 'stead' ya kijana, na mwana alitawala katika 'stead' ya babaye.

Sasa fungua Biblia ya Kiswahili, ile ya Union wengi tuliyokulia nayo. Kondoo ametolewa badala ya mwana. Lakini mfalme mpya ametawala mahali pa babaye. Neno moja la Kiingereza limegawanyika mikononi mwa watafsiri, na sidhani walikosea. Walisikia tofauti ileile aliyoisikia ba'mdogo, mtu ambaye hakuwahi kutafsiri hata risiti.

Tofauti yenyewe ni hii. Badala ni neno la Kiarabu, 'badal', na ukoo wake kwetu ni mkubwa: badili, badilisha, mabadiliko, mbadala. Ndani yake mna kubadilishana. Kitu kinatoka, kingine kinaingia, na vyote viwili vinawekwa kwenye mizani moja. Sukari ikikosekana tunatia asali badala yake. Na kondoo yule kweli alikuwa badala, kwa sababu alikwenda yeye ili kijana asiende. Waislamu, wanapoelezea kisa hicho kama kilivyo katika Kurani, wanatumia neno jingine la Kiarabu ambalo nasi tunalo: mtoto alikombolewa kwa mnyama wa kuchinja, yaani ilitolewa fidia. Badala na fidia ni maneno ya hesabu. Mahali si neno la hesabu. Mfalme aliyefariki hajabadilishwa na mtu. Ameondoka, mahali pamebaki, na mwingine amekuja kusimama pale.

Waingereza wenyewe waliwahi kulipa kwa damu ili kujua kama mahali hapo panaweza kufutwa. Tarehe 30 Januari 1649 Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa mbele ya jumba la Whitehall, London. Asubuhi ile alingojeshwa saa kadhaa. Sababu mojawapo ni kwamba wabunge walikumbuka jambo dakika za mwisho: kwa desturi, mfalme anapokata roho mrithi wake huwa mfalme papo hapo. Ukimuua huyu bila kuziba njia, umemtawaza mwanawe. Kwa hiyo, mfalme akiwa bado anasubiri, Bunge likapitisha haraka sheria ya kumkataza mtu yeyote kumtangaza mfalme mwingine. Ndipo shoka likashuka. Miezi miwili haikuisha wakaufuta ufalme wenyewe.

Kumbe mahali hapafutiki kwa urahisi hivyo. Mwaka 1653 Oliver Cromwell akawa Mlinzi wa nchi, na mwaka 1657 akatakiwa avae taji, akakataa. Akatawala karibu kama mfalme, lakini bila jina la mfalme. Alipofariki, mwanawe akajaribu kusimama pale, hakudumu. Mwaka 1660 mtoto wa Charles akarudi kutoka uhamishoni na kuwa Charles wa Pili, na hati za serikali zikahesabu miaka ya utawala wake kuanzia 1649, siku aliyouawa babaye. Kisheria ikawa kana kwamba kiti hakikuwahi kuwa kitupu hata kwa saa moja. Miaka kumi na moja ya jamhuri ikageuzwa kuwa kipindi ambacho mwenye mahali alikuwa hajafika tu.

Na kisa hiki kina mkia. Mwaka 1689 taji hilohilo lilikwenda kwa William wa Orange na mkewe Mary. Huyu William alitoka Uholanzi, na cheo chake kule tangu 1672 kilikuwa 'stadhouder'. Neno hilo, kwa kulikata vipande, ni mshika mahali. Mshika mahali akapata mahali.

Hapo ndipo nilipoanza kuvitazama vyeo vyetu kwa jicho jingine. Luteni wa jeshini, kwa mfano. Tumempata kutoka Kiingereza, na Waingereza walimpata kutoka Kifaransa: 'lieu' ni mahali, 'tenant' ni anayeshika. Luteni naye ni mshika mahali pa mkubwa wake. Kaimu mkurugenzi unayemwona ofisini akiogopa kutia sahihi mambo mazito, jina lake ni la Kiarabu na maana yake ni anayesimama. Kwa ukamilifu Waarabu walisema 'qa'im maqam', mwenye kusimama mahali pa mwingine, na Waturuki wa dola ya Uthmaniya wakaligeuza kuwa cheo, 'kaymakam', ambacho Uturuki inacho hadi leo kwa wakuu wa wilaya.

Na makamu je? Makamu ndiyo hiyo 'maqam', mahali pa kusimama. Waliokwenda Makka wanaifahamu Makamu Ibrahim, jiwe linaloaminiwa kuwa Nabii Ibrahim alisimama juu yake alipokuwa akijenga Kaaba. Mtu wa makamo ni ndugu wa neno hilohilo, aliyefika mahali fulani pa umri na heshima. Kwa hiyo tukisema Makamu wa Rais tunasema kitu kilekile alichosema Mwingereza wa karne ya 13 na 'stede' yake. Kiarabu kimeanzia kwenye kusimama kikafika mahali, na kutoka mahali kikafika kushika nafasi. Lugha za Ulaya zimepita njia hiyohiyo, wala hazikuazimana na Kiarabu. Ni kwamba binadamu, popote alipo, akiwaza mtu asiyekuwepo huwaza kwanza pale alipokuwa akisimama.

Afrika Mashariki tumeyaona haya kwa macho. Mzee Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, Makamu wake, Daniel arap Moi, alishika nchi siku hiyohiyo, kisha akaifanya "nyayo" kuwa kauli yake: anafuata nyayo za aliyetangulia. Angalia alivyochagua neno. Nyayo ni alama ya pale mtu alipokanyaga. Tarehe 17 Machi 2021 Rais Magufuli alifariki, na tarehe 19 Makamu, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa. Wengi wetu tulikaa mbele ya televisheni siku hiyo na tukaelewa ghafla kuwa makamu si pambo la itifaki. Kenya, kwa katiba yake ya 2010, siku hizi ina Naibu Rais. Naibu nalo ni la Kiarabu, lenye ukoo mmoja na niaba, lakini halina mahali ndani yake, lina uwakilishi. Sina hakika waliochagua walilifikiria hilo, ila lugha huwa haisahau.

Kuna msomaji ataniuliza: mbona Kiarabu na Kiingereza tu, sisi Wabantu hatukuwa na mahali? Tulikuwa napo. Mkikuyu anapaita 'handũ', Mnyarwanda 'ahantu', na ukiyatazama maneno hayo utaona yamejengwa kama mtu na kitu, ila mwanzoni pamewekwa alama ya mahali. Mganda akitaka kusema "badala ya" atasema 'mu kifo kya', na 'ekifo' ni mahali. Mnyarwanda anasema 'aho', pale. Jirani zetu hao wangeielewa 'instead' bila mwalimu.

Kiswahili ndicho kilichopokea neno la mgeni. Mahali ni Kiarabu. Lakini tazama lilivyopokewa: hatusemi mahali yake wala mahali zuri. Tunasema mahali pake, mahali pazuri, mahali palipo na kivuli. Ile PA ya Kibantu haikuhama. Ilibaki imesimama palepale, hapa, pale, pangu, penye, ikampokea mgeni na kumlazimisha afuate sheria za nyumba. Jina limebadilika, mahali pamebaki. Kwangu mimi hakuna mfano mzuri wa 'instead' kuliko ngeli hii yetu ya PA.

Kwa nini basi inanisumbua? Kwa sababu siku hizi badala imekula kila kitu. Chukua gazeti lolote, au tafsiri yoyote iliyofanywa haraka, utakutana na hii: "Hakwenda shule. Badala yake, alikwenda sokoni." Yake nani? Badala ya nini? Ni 'instead' ya Kiingereza imeletwa ilivyo na kubandikwa mwanzoni mwa sentensi. Mwanafunzi wa zamani angeandika, "Hakwenda shule, bali alikwenda sokoni." Bibi yangu angesema, "Shule hakwenda, kaenda zake sokoni," na kila mtu angeelewa, na sauti ya lawama ingesikika pia. Tuna bali, tuna kwa niaba ya, tuna mahali pa, tuna "kushika nafasi". Tukizitupa zote tukabaki na badala, tutakuwa tumepoteza zaidi ya msamiati. Tutakuwa tumeacha kutofautisha sukari na marehemu.

Nikiwa mkweli, ba'mdogo hakuwa sahihi kabisa. Mtu anaweza kuwa na badala. Waislamu wana hija ya badali, ambapo mtu anakwenda Makka kuhiji kwa ajili ya mwingine aliyefariki au asiyejiweza, na kwa Mashafii, ambao ndio wengi pwani yetu, sharti aliyetumwa awe ameshahiji kwanza hija yake mwenyewe. Hapo badali ni heshima kubwa. Na methali yetu inakiri kuwa shida haichagui: ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa. Methali hiyo ni ya badala, na ni kali kwa sababu inajua kwamba kilichopatikana si sawa na kilichokosekana.

Lakini nadhani ninaelewa alichokuwa anakikataa. Alikuwa ametoka kumzika kaka yake miezi michache tu kabla. Mtoto anamwambia kwamba sasa yeye ni badala ya yule, kama vile zimebadilishwa balbu. Hakutaka hesabu ile. Alitaka kusema kwamba pana mahali pa kaka yake, mahali hapo panajulikana, na yeye atakwenda kusimama pale ili mtoto asionekane hana mtu. Wahenga wamesema asiyekuwepo na lake halipo. Nafikiri yeye alikwenda kwenye kile kikao makusudi kuwabishia wahenga.

Alihudhuria vikao vyote hadi nikamaliza. Kwenye kila ripoti, palipoandikwa "mzazi/mlezi", alikuwa akilikata neno mzazi kwa mstari mmoja mwembamba, ndipo anatia sahihi. Zamani nilidhani anafuata maelekezo ya fomu.

Ba'mdogo naye hayupo sasa. Mwaka juzi binti yake wa mwisho aliniletea fomu ya shule, ya Kiingereza, yenye nafasi ya kueleza kwa nini mzazi hakusaini. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mwishowe nikaandika kwamba mimi ni kaka yake, na kwamba nasaini 'in my uncle's stead', maneno mawili mbalimbali, kama walivyoyaandika wa zamani. Mwalimu labda aliona ni Kiingereza cha ajabu. Binti akaniuliza nimeandika nini.

Nikamwambia, "Nimeandika niko mahali pa baba."